Bibi Zetu Wanazikwa na Sentensi Saba

Kila ukienda msibani utalisikia. Jeneza limewekwa katikati, watu wamekaa kwenye mikeka na viti vya kukodi, msemaji wa familia anashika kipaza sauti na kusema: "Sasa tusikilize wasifu wa marehemu." Anasimama kijana mmoja wa familia, kwa kawaida yule mwenye sauti nzuri au aliyesoma kidogo, anakunjua karatasi. Dakika mbili baadaye ameshakaa chini.

Ndugu msomaji, leo naomba tuizungumzie karatasi hii.

Kama marehemu ni mzee wa kiume, hasa aliyewahi kuajiriwa, karatasi inakuwa na nyama. Alisoma shule fulani, akaajiriwa na shirika fulani, akahamishiwa Mtwara, akapandishwa cheo, akawa mwenyekiti wa tawi, akastaafu kwa heshima. Kama marehemu ni bibi, je? Alizaliwa, akabatizwa au akapelekwa madrasa, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa, akaugua, akapelekwa hospitali, akafariki. Basi. Mstari wa Maandiko, amina, watu wanaanza kupanga foleni ya kuaga.

Nina karatasi moja ya namna hiyo mezani kwangu. Ni ya bibi yangu mzaa baba, aliyefariki mwaka 2019 huko Kiziba, wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera. Ina sentensi saba. Nimezihesabu. Mbili kati ya hizo zinamhusu babu: kwamba alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na kwamba alikuwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo bibi aliyeishi miaka 88 na kutulea sote alibakiwa na sentensi tano, na moja kati ya hizo tano ni ya hospitali.

Simlaumu aliyeiandika. Aliandika usiku, kwa tochi, akiwa amechoka, akifuata mtindo aliousikia misiba yote. Ugomvi wangu ni na huo mtindo.

Hebu tuchukue sentensi ya tatu: "Walijaliwa watoto wanane, wanne kati yao wametangulia mbele ya haki."

Ukisikia hivyo unaitikia kwa kichwa, unasubiri ya nne. Lakini ngoja kwanza. Wanne kati ya wanane! Walitangulia lini? Kwa nini? Nani aliwauguza? Na watoto wao walikwenda wapi?

Walitangulia kati ya mwaka 1987 na 1998. Anayetoka Kagera ameshaelewa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983. Hapo mwanzo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiingia kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita vya 1978 na 1979. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu mwaka 2004. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka ishirini mtu akiugua anarudishwa nyumbani. Na nyumbani maana yake ilikuwa kwa mama yake.

Ndivyo walivyorudi wa kwetu. Mmoja alitoka Mwanza, mmoja Dar es Salaam, mmoja aliletwa na lori kutoka Kampala, na wa nne, yaani baba yangu, alikuwa mwalimu palepale wilayani. Bibi aliwapokea mmoja mmoja. Aliwaogesha, aliwalisha uji kwa kijiko, alifua mashuka alfajiri majirani hawajaamka. Kisha aliwazika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Baba alifariki mwaka 1996 nikiwa na miaka mitatu. Mama alimfuata mwaka 1998.

Yote hayo, kwenye ule wasifu, ni "wametangulia mbele ya haki".

Tukabaki wajukuu kumi na mmoja. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na tano, mdogo alikuwa hajaanza kutembea. Kiliitishwa kikao cha ukoo, na wazee wakaja na mpango ambao kwa kweli ulikuwa wa busara kwa jinsi hali ilivyokuwa: watoto wagawanywe, wawili waende huku, watatu kule, kila nyumba ipate mzigo inaoweza kuubeba. Bibi alikataa. Shangazi yangu aliyekuwepo anasema alisema maneno machache tu kwa Kihaya: mkiwagawa watakuwa wageni kwao. Akainuka kwenda jikoni, kikao kikaisha.

Jamani, huo ni uamuzi. Uamuzi wa mwanamke wa miaka 67, mjane tangu mwaka 1974, asiye na mshahara wala pensheni, kuchukua watoto kumi na mmoja. Mkurugenzi wa shirika akifanya uamuzi mkubwa kama huo tunamwandikia ukurasa mzima. Wa bibi hauko hata kwenye karatasi ya kuzikia.

Aliwezaje? Hapa lazima nieleze kidogo kwa wasioijua Kagera. Kwetu kuna kibanja na kuna rweya. Kibanja ni shamba la kuizunguka nyumba, lenye migomba, kahawa na maharage chini yake. Ni la ukoo, linatoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kahawa ni ya mwanaume: hata kama aliyepalilia, aliyechuma na aliyeanika ni mke, anayekwenda kupokea fedha ni mume. Rweya ni ile mbuga ya nyasi nje ya vibanja. Udongo wake ni duni, haumvutii mtu. Huko ndiko wanawake walikolima vijishamba vyao, wanaviita omusiri, wakapanda njugumawe, mihogo na viazi. Kilichotoka huko kilikuwa chao. Halafu hizohizo nyasi za rweya wanawake walizikata, wakazibeba kichwani, wakazitandaza kwenye kibanja ili migomba isife. Kwa hiyo ukiona kibanja cheusi, chenye rutuba, kinachosifiwa kuwa cha mzee fulani, ujue kuna mgongo wa mwanamke hapo chini.

Sisi tulisoma kwa njugumawe. Siyo msemo, nina ushahidi. Bibi hakwenda shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye kisomo. Mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya kanda ya Ziwa iliyoanza na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO tangu mwaka 1968, na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi alijiandikisha. Babu hakukataza, ila aliuliza jioni hizo nani atapika. Akapika kwanza, akaenda.

Tangu hapo aliandika. Yamebaki madaftari manne, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma, shangazi ameyahifadhi kwenye sanduku la bati. Hayana hadithi. Yana hesabu: njugumawe debe mbili, gulio, kiasi fulani. Sare ya fulani. Mchango wa UPE, shilingi 2,000, mara nne, maana mwaka huo tulikuwa wanne shule ya msingi, na ada hiyo ilikuja kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mafuta ya taa. Kwinini. Nani katuchangia msiba na kiasi gani, ili na wao wakifikwa tusiwe watu wa kusahau. Ukurasa mmoja una majina yetu kumi na moja kwa mstari, na mbele ya kila jina idadi ya migomba.

Hiyo migomba nayo ina kisa. Kila mtoto alipewa mashina yake ya kutunza. Ukila ndizi ya mwenzako bila ruhusa, unalipa kwa mzigo mmoja wa nyasi kutoka rweya. Ni sheria iliyoeleweka na kila mtu, na ilifanya kazi kuliko sheria nyingi nilizowahi kuziripoti kutoka bungeni.

Naomba nieleweke. Sisemi bibi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, fimbo yake ilikuwa ya mgomba mkavu ila iliuma. Binamu yangu mmoja wa kike aliachishwa shule akiwa darasa la sita ili amsaidie kumuuguza mama yake, na baada ya mazishi hakurudishwa. Wavulana hatukuachishwa hata mmoja. Binamu huyo leo ana watoto wake, alikuja msibani, alilia kama sisi sote, lakini hilo hajalisahau na ana haki ya kutolisahau. Wasifu wa kweli ungekuwa na nafasi ya hilo pia. Wasifu wa sentensi saba hauna nafasi ya sifa wala ya lawama.

Sasa kuna mtu atasema: kijana, msiba si mahali pa kuanika mambo ya watu. Wafu wastiriwe. Nakubali kabisa. Hakuna aliyeomba majina ya magonjwa yasomwe kwenye kipaza sauti. Unaweza kusema "aliwauguza watoto wake wanne mpaka dakika ya mwisho, akawalea wajukuu kumi na mmoja" na hujamvua mtu nguo. Umesema kazi aliyoifanya.

Mwingine atasema: bibi mwenyewe hakupenda kusemwasemwa. Huenda. Lakini mtu asiyetaka kazi yake ijulikane haandiki madaftari manne na kuyafungia kwenye sanduku la bati.

Na kuna wa tatu, huyu ndiye nina neno naye. Atasema: hayo ni maneno tu, wasifu ni desturi, unasomwa unasahaulika, una madhara gani?

Una madhara. Nitakueleza.

Siku ya kuondoa matanga tulikaa kikao. Swali lilikuwa kibanja. Shangazi yangu aliachika miaka mingi iliyopita, akarudi nyumbani, na miaka kumi na moja ya mwisho ya maisha ya bibi ni yeye aliyekuwa naye usiku na mchana. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipopasua ukuta wa chumba cha bibi, ni yeye aliyemtoa nje na ni yeye aliyekandika tena ule ukuta. Tuliokuwa Dar tulituma fedha na salamu.

Mzee mmoja wa ukoo akasimama, akasema bila chuki yoyote, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana: kibanja ni cha marehemu baba yao, marehemu mama alikuwa akikitunza tu, kama tulivyosikia kwenye wasifu. Na kweli tulikuwa tumesikia. Sentensi ya tano: "Aliachiwa kibanja na marehemu mumewe, akakitunza mpaka mauti yalipomfika." Akakitunza! Miaka 45 tangu babu afariki! Kahawa ya zamani iliyokufa aliing'oa yeye. Migomba iliyopo aliipanda yeye na sisi. Lakini neno lililosomwa mbele ya kaburi ni "akakitunza", na mtunzaji hana chake, na binti wa mtunzaji hana chake zaidi.

Shangazi alipewa ruhusa ya kuishi pale mpaka kufa kwake. Asiuze, asimrithishe mtu. Wazee waliona wamemtendea wema, na kwa kipimo cha mila ni wema.

Kumbuka kwamba sheria ilishavuka hapo zamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyotoka hukohuko kwetu Kagera. Mama mmoja alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, ndugu wa ukoo akapinga akisema mwanamke haruhusiwi kuuza. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilikuwa upande wa huyo ndugu: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuliuza. Jaji akasema Katiba, yenye haki za binadamu tangu mwaka 1984, haikubali ubaguzi huo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Sasa linganisha. Alichopewa shangazi yangu mwaka 2019 ni kilekile cha tangazo la 1963: tumia, usiuze. Kwenye mkeka wa matanga hakuna aliyemtaja jaji. Kulikuwa na karatasi moja tu ya kurejea, nayo ni wasifu. Ndiyo maana nasema si maneno matupu. Kazi isiyosemwa mbele ya watu inakuwa vigumu sana kuidai mbele ya watu.

Wala tusijidanganye kwamba hatujui kuandika maisha ya mwanamke. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha hii, Shaaban Robert, alikaa akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi na kufika Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Utasema Siti alikuwa nyota. Sawa. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha kitabu cha wanawake watatu wa Mombasa wakisimulia maisha yao wenyewe, wanawake wa kawaida kabisa, na maneno yao ya Kiswahili yalichapishwa pia. Susan Geiger alikaa na akina mama wa TANU, Bibi Titi Mohamed akiwa mmoja wao, akachapisha simulizi zao mwaka 1997. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza na muda wa kusikiliza.

Hebu nijaribu. Huu hapa ni wasifu wa bibi yangu, na nimeupima kwa saa, unasomeka kwa dakika moja na nusu:

"Marehemu alizaliwa Kiziba mwaka unaokadiriwa kuwa 1931. Aliolewa, akazaa watoto wanane. Alilima omusiri wake rweya kwa zaidi ya miaka sitini, na kwa nyasi alizobeba kichwani alikifanya kibanja hiki kiwe kama mnavyokiona leo. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mama wa watoto wanane, na tangu hapo aliweka hesabu za nyumba hii kwa mkono wake. Alifiwa na mumewe mwaka 1974, akalea peke yake. Aliwauguza watoto wake wanne na kuwazika. Alikataa wajukuu wake wasitawanywe, akawalea kumi na mmoja kwa njugumawe. Wengine walisoma mpaka mwisho. Mmoja aliacha shule ili nyumba isimame, naye tunamshukuru leo mbele yenu. Katika uzee wake alitunzwa na binti yake, hapa hapa, kwa miaka kumi na moja. Anadaiwa na hakuna. Wanaomdai shukrani ni sisi kuwa hatujamlipa."

Hiyo ya mwisho niliandika nikiwa na hasira kidogo, irekebisheni mnavyopenda. Nyingine zote ni kweli tupu, na ukizitazama vizuri utaona hakuna aliyeaibishwa. Ila baada ya kusikia hivyo, yule mzee wa ukoo angepata tabu kidogo kusimama na kusema "alikuwa akikitunza tu".

Mwenye bibi aliye hai, Desemba inakuja. Unakwenda nyumbani na mabegi, sukari, kitenge na simu yenye kamera nzuri. Utapiga naye picha. Safi, piga. Lakini tenga jioni moja, kaa naye jikoni siyo sebuleni, washa kinasa sauti cha simu, muulize. Usimwulize alizaliwa lini, maana tarehe atakayokupa ni ya karani wa uandikishaji. Muulize fedha yake ya kwanza aliipata wapi na aliinunulia nini. Muulize shamba lile nani alilifyeka. Muulize ni lini alisema hapana na watu wakakasirika. Muulize kuhusu watoto wake waliokufa, kila mmoja kwa jina lake, kama yuko tayari. Akinyamaza, nyamaza naye.

Kisha andika, uwasomee shangazi zako wasahihishe, karatasi uiweke pamoja na hati za shamba. Na siku ya matanga ikifika, usiache kazi hiyo kwa kijana mwenye sauti nzuri. Simama wewe.

Panapo majaliwa tutaonana tena.